Wavu wa kuopolea samaki botini: upi ununue Mombasa, na ukae wapi

Samaki wengi wanaoponyoka kwenye mshipi hawaponyokei kilindini. Huponyoka ubavuni mwa chombo, pale kichwa kinapotoka majini na uzito wote ukaishia kwenye ndoana. Akiwa ndani ya maji, changu wa kilo tatu amebebwa na bahari. Mnyanyue hewani kwa mshipi, na kama ndoana imeshika kingozi chembamba tu cha mdomo, umemkosa. Wavu wa kuopolea, ule wenye pete, mfuko na mpini, upo kwa ajili ya nusu dakika hiyo. Sizungumzii jarife hapa, wala kimia cha kutupa.

Madukani utazikuta za aina nyingi, na fundi naye atakutengenezea nyingine. Nitazilinganisha kwa boti unayotumia, kwa mfuko, kwa pete na mpini, kisha kwa mahali wavu utakapokaa usipokuwa na kazi. Hilo la mwisho watu hulipuuza, nami naona ndilo linaloamua zaidi katika mji wenye chumvi na jua kama huu. Wavu wa bei kubwa unaotupwa juani na maji ya bahari ungali nao utaoza mapema kuliko wa bei ndogo unaosuuzwa na kutundikwa kivulini.

Pima boti kwanza

Kabla ya kwenda dukani, shika tepu ushuke botini. Pima kutoka ukingo wa boti hadi majini, watu wakiwa wamekaa na mafuta na barafu vimeshapakiwa, kwa sababu boti tupu huelea juu zaidi. Boti ndogo za faiba zinazovua kwenye mikono ya bahari ya Tudor na Mtwapa, ukingo wake mara nyingi uko nusu mita tu juu ya maji, au pungufu. Boti kubwa zinazotoka nje ya mwamba, zenye kibanda na injini mbili, zinaweza kupita mita moja. Ongeza nusu mita ya kuzamisha pete chini ya samaki, na nusu mita nyingine ya kushikia kwa mikono miwili. Boti ya chini basi inataka mpini wa mita 1.2 hadi 1.5, na boti ya juu inataka mita 2 hivi.

Ukivua peke yako ndani ya hori au mtumbwi, hesabu inabadilika. Umekaa chini, mkono mmoja umeshika mshipi, na maji yako karibu na magoti. Mpini wa mita moja na nusu hapo utagonga mbao na kuzuia mkono. Chukua mpini wa sentimita 60 hadi 80, na wavu mwepesi kiasi cha kuunyanyua kwa mkono mmoja ukiwa na samaki ndani.

Upana wa pete uufuate samaki unayempata kweli, si yule unayemwota. Kwa changu, tafi, chaa na tewa wa kawaida wa ndani ya mwamba, pete ya sentimita 50 hadi 60 inatosha, na mfuko uwe na kina kama hicho hicho. Kwa kolekole mkubwa au tewa wa majabalini, nenda sentimita 70 hadi 80, mfuko ukiwa na kina zaidi ya upana ili samaki ajikunje ndani na asiweze kuruka nje. Usivutwe tu na ukubwa, kwa sababu pete pana ni nzito kuisukuma majini. Wakati wa bamvua, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa, na maji yote hayo hupitia kwenye midomo ya mikono ya bahari. Hapo mkondo huukamata mfuko mkubwa na kuupeleka unakotaka wenyewe. Maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, yana huruma zaidi.

Mfuko: mafundo, bila mafundo, au mpira

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko mahali pengine popote.

| Mfuko | Ubora wake | Ubaya wake | Unamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Nailoni ya mafundo | Bei ndogo, imara, fundi yeyote wa nyavu anaweza kuushona ukipasuka | Hukwaruza samaki, hunasa ndoana na miiba | Anayevua kitoweo au biashara, kwa ndoana moja moja |
| Nailoni isiyo na mafundo | Laini, mwepesi, tundu ndogo | Ukikatika uzi mmoja tundu hupanuka upesi | Anayevua ngisi na samaki wadogo |
| Nailoni iliyopakwa mpira | Ndoana hutoka kwa urahisi, haishiki harufu sana | Bei ya juu kiasi, mpira hubanduka ukipigwa jua | Wengi wetu wenye boti ndogo |
| Mpira mtupu | Mpole kwa samaki, husuuzika kwa maji kidogo | Mzito, hukokotwa na mkondo | Anayewarudisha samaki baharini |

Jedwali halisemi kila kitu. Mfikirie tafi. Samaki huyu, mtamu kama alivyo, ana miiba 13 mgongoni na 7 upande wa chini nyuma ya tumbo, bila kuhesabu ile ya mapezi ya tumboni, na miiba hiyo ina sumu. Akiingia kwenye mfuko wa mafundo huisimamisha yote, naye hutoki naye ila kwa kumzungusha mkono ukiwa karibu na miiba. Hapo ndipo watu huchomwa. Kwenye mfuko uliopakwa mpira miiba haipiti ikazama kwenye nyuzi kwa namna hiyo, na ukiupindua tu mfuko, tafi anaangukia ndani ya ndoo. Mvuvi wa tafi, sababu hii peke yake inatosha kukufanya uongeze pesa kidogo. (Na ukichomwa, tumbukiza kidole kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua. Joto hupunguza makali ya sumu ya aina hii.)

Jambo la pili ni chambo bandia chenye ndoana za pembe tatu. Samaki akigeuka mara moja ndani ya nailoni ya mafundo, pembe mbili zitashika wavu na ya tatu iko mdomoni mwake. Sasa ana mahali pa kujizuia, anajipinda, na mdomo unapasuka. Kisha utakaa robo saa ukichambua nyuzi wakati wenzako wanavua. Mpira huiachia ndoana ukiisukuma kidogo nyuma. Kwa anayeburura chambo bandia nyuma ya boti, mfuko wa mafundo siupendekezi kabisa.

La tatu ni ute. Ngozi ya samaki imefunikwa ute unaomkinga na magonjwa, na mafundo makavu huukwangua. Kama samaki anakwenda sokoni Kongowea au kwa mama karanga, yule mkaanga samaki, ute hauna uzito. Kama ni mchanga na utamrudisha ili akue, una uzito mkubwa. Lowesha mfuko kabla ya kumwopoa, uwe wa aina yoyote.

Kuhusu mpira mtupu nina shaka moja ya hapa hapa kwetu. Ni mfuko mzuri sana kwenye maji yaliyotulia, lakini nyuzi zake ni nene na mkondo wa Mtwapa maji yakishuka huusukuma kama tanga. Mikono miwili inachoka kabla samaki hajafika. Tena mpira wa bei ya chini huanza kunata ukiachwa kwenye joto, na ukisahau ndani yake chambo bandia laini, vile vya plastiki, vitagandana. Kama unavua ukitia nanga pahali patulivu na unarudisha samaki wengi, ununue. Vinginevyo ule wa kupakwa mpira unakupa sehemu kubwa ya faida zake kwa uzito mdogo.

Rangi nayo ina maana. Nyuzi nyeusi kwa kawaida huhimili jua kuliko nyeupe. Ukiwekewa miwili inayolingana kwa mengine yote, chukua mweusi.

Pete na mpini

Kwa fundi wa kuchomelea, pete rahisi kupata ni ya nondo ya milimita 8. Nondo hiyo ina uzito wa karibu gramu 400 kwa mita, na pete ya upana wa sentimita 60 hutumia karibu mita 1.9, kwa hiyo umeshabeba robo tatu ya kilo kwenye ncha ya mpini kabla ya samaki kuingia. Tena itashika kutu, na kutu hukata nyuzi pale zinapopita kwenye pete. Nondo ina nafasi yake kwenye wavu mfupi wa mtumbwi, ikipakwa rangi vizuri na kurudiwa mara kwa mara. Kwa mpini mrefu, hapana.

Bomba la aluminiamu ni jepesi, kwani kwa ujazo ule ule aluminiamu ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma. Haishiki kutu nyekundu, ila ina adui wake. Ukiona unga mweupe na vishimo vidogo mahali ambapo ribiti au skrubu ya chuma kisichoshika kutu inagusa bomba, jua kwamba metali mbili tofauti zimekutana ndani ya maji ya chumvi na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kagua maungio kabla ya kununua. Ribiti za aluminiamu kwenye bomba la aluminiamu ni bora, na pete iliyochomelewa mduara mzima bila ribiti ni bora zaidi. Mafundi wa madirisha wanaifahamu aluminiamu, na baadhi yao watakupindia pete ukiwapelekea kipimo.

Mpini wa mti bado una watu wake, nami nawaunga mkono. Mvinje ni mnyoofu, mgumu, unapandwa kwa wingi pwani na haukulazimishi kugusa mikoko, ambayo kuikata kunahitaji kibali. Ni mzito, lakini haupindi. Mwanzi ni mwepesi na ukianguka majini unaelea, ila jua huupasua, kwa hiyo ufunge kwa uzi wa nailoni kila baada ya shibiri mbili.

Halafu liko swali la mpini wa kuvuta, ule unaorefuka na kufupika, dhidi ya mpini mzima. Wa kuvuta unapendeza dukani. Ukikaa Likoni na boti yako iko ng'ambo, utavuka feri na wavu mkononi, kisha tuktuk au bodaboda, na hapo mpini unaofupika na pete inayokunjwa ni msaada wa kweli. Lakini maungio hayo ndiyo hufa kwanza. Maji ya chumvi hubaki kati ya bomba la nje na la ndani, hukauka, na siku moja mpini unagoma kufunguka samaki akiwa ubavuni. Kitufe cha kufungia, kama ni cha plastiki, huvunjika. Ukiuchukua, uwe unauvuta wote na kumwaga maji safi ndani kila unaporudi, na upake grisi ya silikoni kidogo kwenye maungio. Mwenye mahali pa kuacha wavu karibu na boti, mpini mzima utamtumikia miaka mingi zaidi.

Vyovyote utakavyochagua, usimnyanyue samaki kwa kuulaza mpini kama upondo. Kilo sita kwenye ncha ya mpini wa mita moja na nusu zinatosha kuupinda pale unapoungana na pete. Samaki akishaingia, vuta mpini kuelekea kwako, shika pete kwa mkono, kisha nyanyua wima. Na wavu ukae majini kabla hajafika, umetulia, kichwa kiingie kwanza. Kijana mwenye wavu huwa na haraka ya kumfuata samaki, ndipo nahodha mzuri husema kwa sauti ya chini: "Bado, mwanangu. Mwache aje yeye." Samaki akiguswa mkia na pete hupata nguvu ambayo dakika moja nyuma hakuwa nayo.

Wavu au kulabu?

Nje ya mwamba swali hili halikwepeki. Nguru anaweza kupita mita 2, na pete ya sentimita 60 haimfai hata yule wa mita moja na nusu. Tengesi ana meno yanayokata nailoni kwa mara moja. Jodari mkubwa ana nguvu ya kukupokonya mpini. Kwa hao, kulabu yenye ncha kali na mpini imara ndiyo chombo chenyewe, ichomwe karibu na kichwa ili nyama isiharibike. Tundu katikati ya mnofu huingiza damu na uchafu, na mnunuzi ataliona kabla hujataja bei.

Lakini ndani ya mwamba na kwenye mikono ya bahari kulabu haina kazi ambayo wavu hauwezi kuifanya vizuri zaidi. Samaki aliyechomwa hawezi kurudishwa, awe mchanga au awe wa aina usiyoitaka. Sulisuli anayerudishwa baharini hataki wavu wala kulabu. Hushikwa pua kwa glovu, ubavuni mwa boti, ndoana ikatolewa akiwa majini.

Kuna mmoja wa kumfikiria kuliko wote: kasa. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inamlinda, na hata isingekuwapo, anastahili. Akinasa kwenye mshipi wako, usimvute juu kwa mshipi huo, maana ndoana huzama zaidi. Mdogo, mzamishie wavu mpana chini yake, umpandishe taratibu, umtoe ndoana au ukate mshipi karibu nayo kabisa. Mkubwa, mwache majini na ukate hapo hapo. Kwa sababu hii peke yake ningependa kila boti inayotoka nje iwe na wavu mpana pamoja na kulabu.

Botini ukae wapi

Wengi husimamisha wavu kwenye kishikio cha fimbo ya kuvulia. Ni rahisi kuufikia, lakini boti ikikimbia mfuko hupepea, jua linaupiga siku nzima, na ndoana za fimbo jirani huunasa. Kuulaza chini, kwenye maji ya damu na barafu, ni kuukanyaga. Ningechagua kuulaza kwa urefu ndani ya ubavu wa boti, juu ya sakafu, mpini ukipita kwenye vipande viwili vifupi vya paipu ya PVC vilivyofungwa kwenye mbao. Mfuko uuzungushie pete na kuufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mkono mmoja unauvuta, ukanda unachomoka, na wavu uko tayari.

Uweke upande mnaoopolea. Mkivua huku chombo kinasukumwa na upepo, mishipi hubaki upande wa joshi, unakotoka upepo, na huko ndiko samaki atakakotokea. Wavu ukiwa demani, upande unakoelekea upepo, mtu atalazimika kuruka juu ya ndoo na miguu ya wenzake. Mfuko ulio huru karibu na tezi, nyuma ya boti, ni hatari nyingine, kwa sababu ukining'inia majini rafadha itaula, na injini ikizima karibu na mwamba wakati wa kusi hakuna atakayekumbuka samaki. Funga pia kipande au viwili vya sapatu iliyochakaa kwenye mpini wa aluminiamu. Bomba likiingia maji huzama, na sapatu haizami.

Nyumbani

Kusuuza kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ndiyo shughuli yenyewe, na Mombasa maji hayo mara nyingi hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Hakuna haja ya kuumwagia wavu mtungi mzima. Tia lita tano ndani ya ndoo, tumbukiza mfuko, ukandekande, uache kwa dakika kumi, mwaga, kisha rudia kwa lita tatu safi. Kuloweka hutoa chumvi iliyojificha kati ya nyuzi kuliko kumwagia juu juu. Maji ya kisima ya mjini, yenye chumvi kidogo, yanafaa kwa mara ya kwanza ila si kwa ya mwisho. Wakati wa masika weka ndoo chini ya bati, mvua itakupa bure.

Sabuni ya kipande inatosha kwa damu na ute. Usitie dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kwani inakula nailoni.

Utundike kivulini penye upepo, kwa kushika pete, si kwa mfuko. Mfuko ukibeba uzito wa pete na mpini wiki nzima, tundu hunyooka upande mmoja. Chini ya upenu pana hewa lakini jua la asubuhi huingia, basi angalia limefika wapi saa tatu asubuhi, ndipo upigilie msumari. Ndani ya stoo ni salama kwa jua, ila pana panya, na nailoni yenye harufu ya samaki huvutia panya na paka sawasawa. Ndiyo maana usuuzaji hautangulizwi na kitu. Uweke mbali na dumu la petroli, hasa mfuko wa mpira. Wa kusafiri nao, gunia au kikapu cha ukili ni bora kuliko kitu kisichopitisha hewa.

Kila mwanzo wa msimu, kabla kaskazi haijatulia, shika uzi mmoja karibu na pete na mwingine katikati ya mfuko, uvute kwa vidole. Ukikatika, au ukitoa unga, mfuko umekwisha hata kama unaonekana mzima. Pete na mpini bado vinafaa, na ndiyo sababu ya kununua tangu mwanzo wavu ambao mfuko wake unavulika. Usikate mfuko wa zamani na kuutupa. Hesabu tundu zilizopita kwenye pete, pima kina, kisha mpelekee fundi wa nyavu huo huo wa zamani awe nao mbele yake anaposuka mpya.